Shajara ya mradi: kupunguza muda wa skripti ya kubadili anwani ya kanzidata

Jumatatu

Mashine ya zamani ya kanzidata inastaafishwa. Feni yake sasa inasikika hadi mapokezi, na mpya imeshafungwa kwenye rafu ileile, hapahapa ofisini Makole, Dodoma. Kilichobaki ni tovuti za wateja ziache kuiulizia kanzidata kwenye 10.0.0.5 na zianze kuiulizia kwenye 10.0.0.20. Kila tovuti imeandikiwa anwani hiyo kwenye faili lake la mipangilio. Zilizojengwa kwa mfumo wa WordPress zinaiweka kwenye wp-config.php, za mfumo wa Laravel kwenye .env, na zile zilizoundwa kwa mkono na mafundi wa kila aina zina config.php, ambayo kila fundi aliiweka pale roho yake ilipopenda.

Skripti ya kuyatafuta mafaili hayo na kuyahariri ipo. Tumeirithi pamoja na seva. Leo nimeiendesha kwenye mashine ya majaribio, juu ya nakala kamili ya diski ya wateja: dakika 47.

Kwa kazi nyingine ningeiacha itambae usiku kucha, mimi nikalale. Kwa hii haiwezekani. Data ikishanakiliwa kwenda mashine mpya, chochote kitakachoandikwa kwenye ile ya zamani kimepotea, kwa hiyo ya zamani inafungwa isiandikwe tangu nakala inapokamilika hadi tovuti ya mwisho igeuzwe. Muda wa skripti ndio muda wa tovuti kusimama. Na tuko katikati ya Bunge la bajeti, lile la kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Gesti za Area D na Kisasa zinajaa, na watu wanaweka nafasi za vyumba usiku wa manane wakiwa bado njiani. Mwenye gesti akikosa mgeni wa wiki mbili kwa sababu yetu, saa mbili asubuhi yuko mlangoni. Bosi ametoa robo saa, kuanzia saa nane usiku. Hataki kusikia zaidi ya hapo.

Sehemu inayokula muda ni hii:

```
for f in $(find /srv/tovuti -type f); do
  n=$(basename "$f")
  if echo "$n" | grep -qE '^(wp-config\.php|\.env|config\.php)$'; then
    if [ $(cat "$f" | grep "10.0.0.5" | wc -l) -gt 0 ]; then
      cp "$f" "$f.bak"
      sed -i "s/10.0.0.5/10.0.0.20/g" "$f"
    fi
  fi
done
```

Ukiisoma haraka haina ubaya. Ukiisoma polepole unaona kwamba find, amri ya kutafuta mafaili, inakusanya majina ya mafaili yote, picha za mahafali zikiwemo, kabla lupu haijaanza. Halafu kwa kila jina sheli, programu inayosoma na kutekeleza amri, inazaa mchakato wa basename, na mingine miwili kwa ajili ya echo na grep, inayochuja maandishi, ili ijibu swali moja tu: je, hili linaitwa config.php? Michakato mitatu kwa jina moja. Diski hii ina mafaili kama 310,000. Hapo tunazungumzia karibu michakato milioni moja ya kuzaliwa na kufa, na mafaili tunayoyatafuta hayafiki 400.

Jumatatu, jioni

Kabla ya kugusa mstari wowote nimetaka ushahidi, maana nimeshaona watu wengi wakibadilisha wanachokidhania na kuacha kinachowaumiza. Amri ya time inatoa namba tatu: muda wa saa ya ukutani, muda ambao programu zenyewe zilitumia kichakata, na muda ambao kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ilikitumia kwa niaba yao. Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa imevimba. Nikachukua folda ya mteja mmoja na kuipitisha kwenye strace -c -f, ambayo inahesabu kila ombi linalopelekwa kwa kerneli. Inachelewesha sana kila inachokichunguza, kwa hiyo folda moja inatosha. Juu kabisa kwenye jedwali walikaa wait4, clone na execve. Kuzaa mchakato, kuuvalisha programu, kusubiri ufe. Kusoma mafaili kulikuwa chini huko, hakuna hata wa kukuona.

Kijana wa fildi kutoka UDOM alikuwa ameinamia skrini.

“Kaka, kwa hiyo diski haina hatia?”

“Bado hatujaihoji, mdogo wangu. Tutoe hili kwanza, ndipo na yenyewe itasema.”

Jumanne

Hatua ya kwanza ni kulitoa swali la jina kwenye sheli na kuipa find yenyewe. Ndiyo kazi yake. Inasoma folda, inalinganisha jina ndani kwa ndani, haizai mtu. Na kwenye mfumo wa mafaili wa ext4, kerneli inapotoa majina ya folda inatoa na aina ya kila kimoja, faili au folda, kwa hiyo find haihitaji hata kulifungulia jalada faili mojamoja kuliuliza wewe ni nani.

```
find /srv/tovuti -type f \
  \( -name wp-config.php -o -name .env -o -name config.php \) -print0 |
xargs -0 -r grep -lZ "10.0.0.5"
```

Kutoka dakika 47 hadi dakika 3 na sekunde 12. Nikarudia kuhakikisha: sekunde 2.

Kijana alitaka kupiga picha skrini. Nikamwambia atulie, maana hiyo sekunde 2 ni ya uongo. Mara ya pili kerneli ilishazihifadhi folda zote kwenye kumbukumbu (RAM), diski haikuguswa kabisa. Seva halisi usiku wa kazi haitakuwa hivyo. Kumbukumbu yake imejaa vitu ambavyo wateja wanavitumia kila dakika, na hakuna mteja anayepekua folda za picha za mwaka juzi. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila kipimo kinaanza na kumbukumbu tupu:

```
sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches
```

Namba isiyotanguliwa na mstari huo haiingii humu.

Sasa diski ndiyo iliyobaki kizimbani, na hesabu yake ni rahisi. Ni diski ya kuzunguka, mizunguko 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3, na kwa wastani unasubiri nusu yake, 4.2, mpaka unachokitaka kipite chini ya kichwa. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kuhama. Ukibahatika unapata sehemu 100 hivi kwa sekunde ukiruka huku na kule. Mashine ya majaribio ina folda 19,000 na ushei. Zigawe kwa 100, unapata sekunde 190. Tulipima 192. Ni mara chache hesabu ya kwenye karatasi inakubaliana na mashine hivyo, na imenipa imani kwamba muda wote uliobaki ni wa kufungua folda, si kitu kingine.

Jambo jingine la leo, dogo lakini limenikera. Ile lupu ya zamani inakata majina kwenye nafasi. Kuna mteja ambaye tovuti yake iko kwenye folda inayoitwa “tovuti mpya”, maneno mawili. Sheli iliona vipande viwili visivyokuwepo, na config.php iliyomo ndani ikaharibikiwa njia. Haikuwahi kuguswa, na skripti ikaendelea kama kawaida. Nimefukua kitabu cha zamu na kukuta mstari wa uhamisho uliopita: “ya huyu imerekebishwa kwa mkono, sababu haijulikani.” Sasa inajulikana. -print0 upande wa find na -0 upande wa xargs, inayoikabidhi orodha kwa grep, vinatenganisha majina kwa baiti ya sifuri, ambayo haiwezi kuwemo ndani ya jina la faili, basi nafasi, nukta mkato na hata mstari mpya vinapita salama.

Jumatano

Umeme umekatika tangu saa nne asubuhi, na mashine ya majaribio haiko kwenye betri. Uliporudi jioni nilipima kabla ya mtu mwingine kuigusa, maana hakuna kumbukumbu tupu kuliko hiyo. Dakika 3 na sekunde 15. Mstari wetu wa kumwaga kumbukumbu hausemi uongo.

Alhamisi

Folda 19,000 ni za nini? `du --inodes` inahesabu idadi ya vitu badala ya ukubwa, na watu wengi hawajui kama ipo. Tukaipanga kwa wingi. Kinara ni node_modules, folda za maktaba za JavaScript, za tovuti chache ambazo mafundi wake walipandisha kila kitu kutoka kwenye laptopu zao. Zinafuata wp-content/uploads, zilizogawanywa kwa mwaka na mwezi, halafu kashe za plagini za WordPress, halafu storage/framework za Laravel, ambako sesheni za wageni zinarundikana faili kwa faili. Hakuna faili la mipangilio linalopaswa kuishi humo.

Kijana alikuwa ameshaandika jaribio lake, `-not -path '*/node_modules/*'`, na alishangaa muda haujapungua hata sekunde. Inafanana na mlinzi anayekagua kila chumba cha gesti, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba ghorofa ya pili haikumhusu. find inaingia node_modules yote, inasoma kila kilichomo, halafu inakitupa kwa sababu njia yake haikubaliki. Kinachoizuia kuingia ni -prune, yaani kupogoa tawi zima, na lazima itangulie kabla ya masharti ya mafaili.

Toleo la kwanza lilipogoa kwa jina: uploads, cache, node_modules, .git, sessions. Sekunde 21.

Hapa ndipo nashukuru kwamba tangu Jumanne tulikuwa tunahifadhi orodha ya matokeo ya kila toleo. Kasi peke yake haina maana kama orodha imepungua. Tukaweka orodha ya skripti ya zamani na hii mpya kwenye comm, amri inayolinganisha orodha mbili, na zikatoka njia mbili zilizopo kwa mzee na hazipo kwetu, zote zikiishia hivi:

```
bootstrap/cache/config.php
```

Kijana alidhani ni takataka, kwa kuwa iko kwenye folda ya cache. Hapana, hiyo ndiyo hatari kuliko zote. Laravel ina amri ya config:cache ambayo inakusanya mipangilio yote na kuiandika kwenye faili hilo moja. Likishakuwepo, Laravel haisomi tena .env. Ungebadilisha .env vizuri kabisa, ukaifungua ukaiona 10.0.0.20, na tovuti ingeendelea kupiga hodi kwenye mashine iliyozimwa. Ungekaa saa nzima ukilitazama faili sahihi. Skripti ya zamani ilikuwa inalipata kwa bahati tu, kwa sababu linaitwa config.php na lile lizee linapekua kila mahali bila kuchagua.

Kwa hiyo tumeacha kupogoa kwa jina la jumla kama cache. Tunapogoa kwa njia tunayoijua:

```
find /srv/tovuti -xdev \
  -type d \( -name node_modules -o -name .git \
     -o -path '*/wp-content/uploads' \
     -o -path '*/wp-content/cache' \
     -o -path '*/storage/framework' \) -prune -o \
  -type f \( -name wp-config.php -o -name .env -o -name config.php \) -print0
```

Sekunde 23. Zile mbili zilizoongezeka nazilipa bila kunung'unika. comm sasa inatoa tofauti moja tu, ile folda ya “tovuti mpya”, ambayo sisi tunaiona na skripti ya zamani haiioni.

Ijumaa

Asubuhi tumejaribu njia za mkato ambazo kila mtu anapendekeza. Kuendesha grep nne sambamba kwa `xargs -P 4`: hakuna nafuu, na mara nyingine mbaya zaidi, kwa sababu kichwa cha diski ni kimoja na wanne wanakigombania. Kwenye SSD, isiyo na kichwa cha kuhama, ningeanza na hilo, hapa halina kazi. LC_ALL=C mbele ya grep, ili isome herufi kama baiti tupu: sikuona tofauti kwa mafaili 400 madogo. Tumeyaacha yote mawili.

Mchana nikarudi kwenye mistari miwili ya ndani kabisa ya skripti ya zamani, ile ya cp, inayonakili, na sed, inayobadilisha maandishi. Muda haulali hapo. Nilichokikuta kinatisha kuliko dakika 47.

Kwanza cp. Kila config.php iliyobadilishwa ilinakiliwa kuwa config.php.bak, palepale, ndani ya folda ambayo seva ya wavuti inaitoa kwa dunia nzima. Faili likiishia na .php, seva inalipeleka kwa PHP, na mgeni haoni chochote cha ndani. Likiishia na .bak, seva inaliona ni faili la kawaida na inampa mgeni kama lilivyo. Jina la kanzidata, mtumiaji, nenosiri, vyote kwa maandishi meupe. Nikafungua simu yangu, nikazima waifai ya ofisi nitumie bando langu, nikaandika anwani ya tovuti mojawapo nikaongeza wp-config.php.bak mwishoni. Likafunguka. Nilikuwa nalisoma nenosiri la kanzidata ya mteja kwenye simu, nimesimama kwenye korido.

Kazi yote ya kasi imesimama hapo. Tumeweka sheria kwenye nginx, programu ya seva yetu ya wavuti, ikatae .bak, .old na kila kinachoanza na nukta, isipokuwa .well-known inayohitajika kwa vyeti vya HTTPS. Mafaili ya .bak yamehamishiwa /var/akiba, ambako seva ya wavuti haifiki. Manenosiri yanabadilishwa yote, si ya tovuti hiyo moja. Dada wa uhasibu aliuliza kwa nini tuna haraka namna hiyo wakati hakuna aliyelalamika. Nikamwambia anayeiba nenosiri hatoi risiti. Kwenye tovuti zenye hitilafu kama hii kuna roboti zinazojaribu wp-config.php.bak mchana kutwa, na ukitazama logi za nginx za mashine yoyote iliyo wazi kwenye intaneti utazikuta.

Pili sed. Itazame tena: `s/10.0.0.5/10.0.0.20/g`. Nukta kwenye sed si nukta, ni herufi yoyote. Hilo pekee lingeweza kuvumilika. Lakini hakuna kinachosema anwani inaishia kwenye 5. Mashine yetu ya kutuma barua pepe ni 10.0.0.51, na imeandikwa kwenye mafaili hayohayo. sed ingeiona 10.0.0.5 ndani yake, ingeigeuza, ikabakiza ile 1 mwishoni: 10.0.0.201. Mashine hiyo haipo. Tovuti zingeamka zikiwa zima kabisa, kurasa zinafunguka, vyumba vinawekwa nafasi, na hakuna barua pepe hata moja ya uthibitisho ingetoka. Mteja angegundua baada ya siku kadhaa, na sisi tungeanza kupekua seva ya barua pepe.

Dawa ni -F na -w kwa upande wa grep. Ya kwanza inafanya nukta iwe nukta, ya pili inakataa 10.0.0.5 ikifuatwa au ikitanguliwa na tarakimu nyingine. Kwa sed ni kuikwepesha kila nukta na kuweka \b pande zote mbili:

```
sed -i 's/\b10\.0\.0\.5\b/10.0.0.20/g'
```

Kijana aliuliza kama grep bado inahitajika, maana sed isipokuta kitu haibadilishi. Inahitajika. sed -i haihariri faili lilelile, inaandika jipya pembeni kisha inalibadilishia jina likae mahali pa la zamani. Ni jambo zuri, kwa sababu PHP haiwezi kukuta faili lililoandikwa nusu. Lakini inafanya hivyo hata kama hakuna cha kubadili, na tarehe ya faili inakuwa mpya. Bakapu yetu ya usiku inachagua kwa ukubwa na tarehe, kwa hiyo ingelichukulia kila faili kama limeguswa. Acha grep ichuje.

Jumamosi

Bosi kapiga simu. Hakuuliza skripti inachukua muda gani, aliuliza tovuti zinasimama muda gani. Nikajibu nusu dakika, nikakata simu, na swali likabaki na mimi. Kwa nini hivyo viwili viwe kitu kimoja?

Kutafuta hakuhitaji tovuti isimame. Mafaili hayahami usiku. Naweza kutafuta saa nne asubuhi huku wateja wanaendelea na kazi, nikahifadhi orodha, nikaikagua kwa macho, nikaondoa kisichohusika. Usiku inabaki kuhariri tu mafaili ambayo tayari nayajua kwa njia kamili. Tukaigawa skripti iwe mbili. Ya kwanza, orodhesha, ni ile find na grep, na inaandika /var/akiba/orodha.0. Ya pili, geuza, inasoma orodha, inanakili kila faili kwenda /var/akiba na njia yake yote, inapitisha sed, inapakia upya php-fpm, programu inayoendesha PHP, basi. Kuna tovuti ambazo OPcache, inayohifadhi mafaili ya PHP kwenye kumbukumbu, imeambiwa isikague tarehe za mafaili, kwa hiyo bila kupakia upya zingeendelea na anwani ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu.

Geuza kwenye mashine ya majaribio: sekunde 5 na kitu, kumbukumbu ikiwa tupu. Mafaili 400 mara milisekunde 10 na ushei, ni diski ileile inadai haki yake. Ukilisoma kila faili dakika moja kabla, ili liingie kwenye kumbukumbu, inashuka chini ya sekunde 2. Mstari mmoja wa cat kwenda /dev/null. Nimeuweka.

Kitu kimoja kilitusumbua nusu ya mchana. Tuliwasha set -e na pipefail, skripti isimame amri yoyote ikishindwa, na orodhesha ikawa inakufa pale ambapo hakuna cha kubadili. grep isipopata kitu inatoa alama ya 1, na xargs inaigeuza kuwa 123. Kwa set -e hiyo ni ajali. Kwetu ni jibu halali, tena ndilo jibu tunalolitaka baada ya kugeuza. Sasa 123 inapokelewa kama “hakuna kitu”, na grep yenyewe tunaitazama kama imetoa ujumbe wowote wa hitilafu, kwa kuwa xargs inatoa 123 ileile hata faili likishindwa kusomeka.

Jumatatu, saa nane usiku

Seva inakwenda kwa saa ya UTC, kwake bado ni 23:00 ya Jumapili. Nimelikumbusha jambo hilo kwa sababu cron ya bakapu, yaani ratiba inayoiendesha yenyewe, nayo inaanza 23:00, na hatukutaka zigongane. Tumeihamisha mbele kwa saa moja.

Orodha ya jana mchana ilikuwa na mafaili 387. Niliiendesha upya saa saba na nusu, 387 zilezile.

Kanzidata ya zamani imefungwa saa nane na dakika moja. Kunakili mabadiliko ya mwisho kwenda mashine mpya na kulinganisha: dakika 4 na nusu. Geuza: sekunde 1.6. Kupakia php-fpm: haikuhesabika. Orodhesha imeendeshwa tena tovuti zikiwa zimeshaamka, imetoa sifuri. Barua pepe ya majaribio kutoka tovuti ya gesti mojawapo imefika. Saa nane na dakika tisa nimemwandikia bosi kwamba tumemaliza. Hajajibu, amelala.

Kwa hiyo sasa skripti si sehemu ndefu ya kazi hata kidogo. Muda wote uliobaki ni wa kanzidata yenyewe, na hilo ni somo la mradi mwingine.

Jumatano

Tumeiendesha geuza kwa mara nyingine, mchana kweupe, bila kusimamisha chochote. Safari hii 10.0.0.20 imegeuzwa kuwa jina: kanzi.internal. Mwisho huo wa .internal ulitengwa na ICANN, wasimamizi wa majina ya intaneti, mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani, hautauzwa kwa mtu. Jina limeandikwa kwenye /etc/hosts, faili la majina na anwani zake, ya seva ya wavuti, mstari mmoja. Mashine ya kanzidata ikibadilishwa tena, ni mstari huo unaohaririwa na php-fpm kupakiwa upya, na hakuna wa kutafuta mafaili 387 kwenye diski.

Skripti hatujaifuta. Orodhesha imewekwa kwenye cron ya kila Jumapili, sasa inatafuta anwani yoyote ya 10.0.0. iliyoandikwa kwa namba, kwa sababu fundi mpya wa mteja akipandisha tovuti atakopi mfano wa zamani kutoka mahali fulani. Imebaki tovuti moja iliyo ndani ya kontena, yaani sehemu iliyojitenga ndani ya seva. Kontena lina /etc/hosts yake, halioni ya mashine mama, kwa hiyo hiyo imeachwa na 10.0.0.20. Imeandikwa kwenye kitabu cha zamu, na safari hii sababu imeandikwa pembeni yake.